Ukizima kelele, umeizima na pete!

Wiki hii nguo na nywele tunaziweka kando kidogo, maana kuna barua imenikalisha chini nikune kichwa.

Mwandishi wake ni dada mmoja wa Kinondoni. Jina nalibana, mambo yenyewe ni ya ndani ya nyumba ya watu. Anasema hivi:

"Kaka, dada yangu mkubwa anaishi na mumewe Tampa, kule Florida, Marekani. Hivi karibuni walikwenda kuogelea ufukwe wa Clearwater. Shemeji alipotoka majini, kidole kitupu, pete ya ndoa haipo. Pete hiyo sonara aliitengeneza hapahapa Dar kwa kuyeyusha bangili ya marehemu bibi yetu. Shemeji ameazima ile mashine ya kutafutia vyuma mchangani, Jumapili tatu sasa anaranda nayo, anarudi na visoda. Anasema mwanzoni ilikuwa inapiga kelele mno, ikabidi azime sauti zote nene, abakize zile nyembamba tu. Sasa imetulia lakini haipati kitu. Dada naye ameanza kununa, anauliza pete ilidondoka au ilivuliwa. Kaka nisaidie, ndoa ya watu inaelekea kubaya."

Dada yangu wa Kinondoni, kwanza pole. Pili, jibu lako liko ndani ya barua yako mwenyewe. Shemeji alipozima zile sauti nene ili apate amani, pete ya bibi naye aliiziba mdomo. Inawezekana kabisa amepita juu yake mara mbili tatu, mashine ikaiona, ikanyamaza kama alivyoiamuru.

Twende taratibu, tutaelewana.

MASHINE INASIKIA NINI?

Wengi wetu mashine hii tunaijua kwa ile ndogo ya mlinzi wa hoteli au benki, anakupitishia kifimbo kiunoni, mkanda unalia "tii!" Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanaijua zaidi, wao wanasakia nayo dhahabu. Kimombo cha mtaani wanaiita ditekta, na mimi nitaiita hivyohivyo.

Kule chini ina sahani, ndani ya sahani kuna koili ya waya. Umeme ukipita kwenye koili unatengeneza uga wa sumaku unaoingia mchangani. Ukikutana na metali, metali nayo inaamshwa umeme mdogo ndani yake na kurudisha jibu. Jibu hilo huchelewa kidogo, na kila metali ina uchelewaji wake. Mashine inapima, halafu inakwambia kwa namba na kwa sauti. Hiyo ni fizikia ya sekondari tu, wala usiogope.

Tena sauti ndiyo ilianza, namba na vioo vimekuja baadaye. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari hawakujua imekaa wapi mwilini. Wakamwita Alexander Graham Bell, yule wa simu. Bell akaunganisha koili na kipaza cha simu, akatega sikio huku koili inapitishwa mwilini mwa mgonjwa. Hakuipata. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba godoro lilikuwa na springi za chuma, zikavuruga kila alichosikia. Garfield akafariki mwezi Septemba mwaka huohuo. Unaona? Tangu siku ya kwanza kasheshe ya ditekta imekuwa hiyohiyo: sikio linasikia, lakini sauti ya unachokitafuta imefunikwa na sauti ya takataka.

Na mwaka 1942, kwenye mchanga wa El Alamein kule Misri, askari wa Uingereza walitembea na ditekta za mabomu zilizobuniwa na Józef Kosacki, ofisa wa Kipoland aliyekuwa Scotland. Hedifoni masikioni, hatua moja baada ya nyingine. Hao wasingeweza kusema "sauti hii inanichosha, ngoja niizime".

DHAHABU INA SAUTI YA UCHAFU

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo shemeji alipoteleza.

Kwa maelezo ya barua, mashine aliyoazima ni Minelab Equinox 800, ya kampuni ya Australia, iliyoingia sokoni mwaka 2018. Mashine hiyo inatoa namba kuanzia -9 hadi 40. Kuanzia -9 hadi 0 ni chuma: misumari, nati, ndoano. Kuanzia 1 kwenda juu ni metali zisizo chuma. Kitu kinachopitisha umeme vizuri na chenye unene hupanda juu. Robo dola ya Kimarekani inacheza karibu na 30. Sarafu ya senti 5, ambayo imechanganywa shaba na nikeli, inacheza kwenye 12 na 13.

Sasa mtu anawaza: dhahabu ni mali, basi lazima iwe juu kabisa, ilie kwa sauti nyembamba ya kishua. Wapi! Dhahabu safi kweli inapitisha umeme vizuri, inashindwa na fedha na shaba tu. Lakini nani anavaa dhahabu safi? Karati 18 maana yake sehemu 18 kati ya 24 ndizo dhahabu, zilizobaki ni metali nyingine, na mchanganyiko huo unapunguza kupitisha umeme. Halafu pete ni kitu chembamba. Matokeo yake pete nyingi za dhahabu huangukia chini na katikati, palepale zinapokaa karatasi zinazong'aa za pakiti ya sigara na vile vishikio vya kufungulia makopo ya bia. Pete nyembamba ya kike inashuka zaidi. Pete iliyokatika inashuka mno, na mkufu ndiyo usiseme, kila kijicho kinajitegemea, mashine inaona vitu vidogodogo tu.

Kwa hiyo mwenye kuzima sauti za takataka ufukweni, anazima na dhahabu. Hakuna ujanja wa kuzitenganisha kwa swichi moja. Anayekwambia upo, huyo msanii.

TULIZA MASHINE KABLA YA KUIZIBA MDOMO

Shemeji hakosi sababu. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hiyo mchanga uliolowa unaijibu ditekta kana kwamba wenyewe ni kitu. Ndiyo zile kelele. Lakini kelele za namna hiyo zina dawa yake, na dawa si kuua sauti.

Kwanza, achague programu ya ufukweni. Equinox inazo mbili. Ya kwanza ni ya mchanga mkavu na mbichi, ya pili ni ya mchanga uliolowa na chini ya maji. Yeye anatafuta kwenye maji, aende ya pili. Zote mbili hutuma mawimbi ya masafa kadhaa kwa mpigo mmoja, jambo linaloisaidia mashine kuitambua chumvi na kuipuuza.

Pili, aiache ijichagulie chaneli isiyo na muingiliano, sahani ikiwa imetulia, na simu yake aiache kwenye gari. Simu mfukoni ni mchawi wa ditekta.

Tatu, ailinganishe na ardhi. Ashike kitufe chake huku akiinua na kushusha sahani juu ya mchanga usio na kitu, mpaka itulie.

Nne, kama bado inabwabwaja, apunguze ukali wa kusikia. Kipimo ni 1 hadi 25, kiwandani imewekwa 20. Ashuke 19, 18, 17, mpaka kelele za chumvi ziishe. Atapoteza kina kidogo, lakini heri kusikia vizuri kina cha shubiri moja kuliko kusikia fujo mpaka kuzimu.

Baada ya hapo ndiyo aguse sauti.

PANGA SAUTI KAMA TAARABU

Mashine hii inakuruhusu kuchagua sauti 1, 2, 5 au 50. Sauti 1 ni kila kitu mlio mmoja, unabaki kukodolea kioo. Sauti 50 kila namba na mlio wake, ni tamu kwa aliyezoea, kwa mgeni ni kama kukaa stendi ya mabasi saa kumi na mbili jioni. Shemeji achukue 5.

Tano hizo azifikirie kama kundi la taarabu. Besi linajulikana, fidla inajulikana, ngoma inajulikana. Huhitaji kumwangalia mpigaji ili ujue nani kapiga. Ndicho tunachokitaka: masikio yajue, macho yabaki kuangalia mawimbi.

Na hapa Equinox 800 inampa uhuru wa mambo matatu kwa kila sauti: mpaka wake uanzie namba gani na kuishia wapi, unene au wembamba wake, na volyumu yake. Vijana waliokulia kwenye redio za kaseti zenye ikwalaiza wameshanielewa.

Kabla ya kuweka mipaka, apate mfano. Asikisie. Pete ya dada ilitoka kwenye bangili ileile ya bibi, kwa hiyo mchanganyiko wa dhahabu ni mmoja. Lakini ya kike ni nyembamba, itasoma chini kuliko ya shemeji. Basi hiyo ndiyo iwe mpaka wa chini. Halafu aazime kwa rafiki pete ya kiume yenye upana unaofanana na yake na karati ya jirani, hiyo iwe mpaka wa juu. Kila moja aitie kwenye kimfuko cha plastiki, aifunge kamba ndefu, aifukie mchangani mbichi, apitishe sahani, asome namba. Kamba asisahau! Akipoteza na pete ya pili, mimi barua hiyo sijibu.

Tuseme kwa mfano ya dada imesoma 8 na ya rafiki imesoma 15. Hapo mimi ningempangia hivi:

Sauti ya kwanza, -9 hadi 0, chuma. Besi nene, volyumu ndogo kabisa lakini siyo sifuri.

Sauti ya pili, 1 hadi 5, vijikaratasi na chumvi iliyobaki. Nene kiasi, volyumu ya kati.

Sauti ya tatu, 6 hadi 18. Hii ndiyo sauti ya pete. Aipe mlio mwembamba kuliko zote na volyumu ya mwisho, 25. Nimeacha nafasi huku na huku kwa sababu pete ikiwa imesimama wima au imelala mshazari, namba inayumba.

Sauti ya nne, 19 hadi 25, na ya tano, 26 hadi 40. Hizi zilizoeleka kuwa nyembamba, sasa zishuke ziwe za katikati. Sarafu za watu hatukuzifuata.

Umeona tulichofanya? Kiwandani sauti inapanda kadiri namba inavyopanda, kwa hiyo sarafu ndiyo malkia. Sisi tumempindua malkia, tumemkalisha bibi.

Najua utauliza: chuma si tungekizima kabisa, cha nini? Hapana. Kwanza, ukimya haukuambii kama hakuna kitu au mashine imelala. Pili, msumari ukiwa jirani na pete unaweza kuimeza sauti yake. Ukisikia besi linaunguruma chini kwa chini unajua hapa pana vyuma, unapunguza mwendo, unapitisha sahani kutoka pande tofauti. Ukizima, unapita kama mfalme na pete inabaki. Kumbuka godoro la Garfield.

Na kama huko nyuma alikuwa amefuta baadhi ya namba, kuna kitufe chenye alama ya kwato ya farasi, kinafungua metali zote. Ila kikishafungua, sauti iliyowekwa volyumu sifuri itabaki bubu, kwa hiyo akague vyote viwili. Njia rahisi ni kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani na kuanza upya.

KISODA NI MUONGO

Mlio mwembamba ukilia, asikurupuke. Apitishe sahani kulia na kushoto, halafu azunguke robo duara apitishe tena. Pete hujibu mlio mfupi, wa duara, unaorudi uleule kila upande. Kisoda cha bati ni muongo: upande huu kinaimba, upande ule kinakwaruza, kingoni kinaguna kama chuma, na namba zinaruka kama konda anayetafuta chenji. Kishikio cha kopo ndicho kigumu, hicho kinaimba vizuri tu kama pete. Hapo hakuna ujanja isipokuwa kuchota. Kila sauti ya tatu inayorudia, achote. Apate vishikio hamsini, asikate tamaa, maana kila kishikio ni ushahidi kwamba sauti ya pete iko wazi.

Hedifoni ni lazima, mawimbi na upepo vinaiba milio midogo. Lakini zile zisizo na waya hukatika mashine ikizama majini. Mashine yenyewe inavumilia maji hadi mita 3, hedifoni zinazokuja nayo hazivumilii. Atafute zenye waya za kuzuia maji. Akimaliza, aisuuze mashine kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ni ya kuazima hiyo.

ASIRANDE, APIGE MSTARI

Kitu kingine kwenye barua ni neno "anaranda". Ufukweni hatutembei kama tunamsubiri mchumba. Wavuvi wetu wakitaka kurudi mahali palipowapa samaki, hulinganisha alama mbili za nchi kavu, mnazi huu na mnara ule. Shemeji na dada wasimame pamoja mchangani, wakumbushane: tulitandika taulo wapi, jengo gani lilikuwa nyuma, maji yalikufika wapi mwilini. Ndiyo, na dada aende. Kumbukumbu ya watu wawili ni bora kuliko ya mmoja anayejitetea.

Wakishapata eneo, waligawe kwa mistari iliyonyooka. Sahani ya kawaida ya mashine hiyo ina upana wa sentimita 28, kila mstari upande juu ya nusu ya uliotangulia. Mwendo wa kobe. Aende maji yakiwa yamekupwa, ingawa pwani ile maji hayaendi mbali, hata mita moja hayashuki, siyo kama bamvua letu la Dar ambalo unaweza kutembea mpaka ukachoka.

Habari njema ni kwamba dhahabu ni nzito. Ya karati 18 ina uzito karibu mara sita ya mchanga wa ujazo huohuo. Mawimbi yanaisukuma mchanga juu yake kuliko yanavyoisukuma yenyewe, inazama mpaka ikutane na tabaka gumu. Mara nyingi haiendi mbali kutoka ilipodondoka. Habari mbaya ni kwamba kila wiki inayopita inaweza kuongeza mchanga juu, na ditekta haisikii mpaka kuzimu. Kwa hiyo Jumapili hii siyo ijayo.

Na wewe dada wa Tampa unayenuna, ukisomewa gazeti hili kwenye simu, sikiliza. Vidole vikipoa majini vinasinyaa. Mafuta ya kujikinga na jua yanateleza kama sabuni. Fukwe zimejaa pete za wanaume ambao hawakuwa na mchepuko wowote. Mwanaume aliyevua pete makusudi haazimi mashine na kushinda Jumapili tatu kwenye maji.

NA WEWE ULIYEANZA KUPIGA HESABU

Nawajua vijana wangu. Hapo ulipo umeshaanza kuwaza kununua ditekta uende Kilwa. Tulia. Sarafu za Kilwa zina heshima yake. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu tisa kwenye ufukwe wa kisiwa kimoja cha Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na tano kati ya hizo zilikuwa za shaba za masultani wa Kilwa. Zilifikaje huko, wasomi wanabishana mpaka leo. Thamani ya swali hilo inatokana na kujulikana ziliokotwa wapi. Ukichimba usiku ukauza kwa mtalii, umeuza bati tu, habari yake umeizika.

Halafu kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kuchimba kutafuta masalia bila leseni ni kosa, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Pete ya shemeji ina mwenyewe na anajulikana. Na hata kule Florida, kabla ya kuchimba aulize wenye ufukwe, afukie mashimo yake, na akikutana na pete ya mtu mwingine aitangaze. Kuna nyumba nyingine ambako nako watu wamenuniana.

Dada wa Kinondoni, kata ukurasa huu, upige picha, umtumie shemeji leoleo. Akiipata, niandikie. Asipoipata pia niandikie, tuone namba alizopata kwenye pete za mfano tupange mipaka upya. Wengine wote tukutane wiki ijayo, nina barua ya kijana wa Mbagala aliyenunua spika kubwa kuliko chumba chake. Kaeni poa!